Upele uliogoma kuondoka: uchambuzi wa kisa cha gereza moja kongwe la wilaya

Kabla sijaanza niseme kwamba jina la gereza, wilaya, mwaka na watu wote nimetoa, na idadi za watu nimezizungusha kidogo ili hata aliyekuwepo asiweze kuapa kwamba ni pale pale. Mimi ni bwana afya, nilikuwa kwenye timu ya halmashauri iliyoitwa. Naandika zaidi kwa ajili ya wenzangu wa afya na kwa askari magereza, manake simu kama niliyopigiwa mimi na wewe utapigiwa siku moja.

Gereza lenyewe

Ni gereza la enzi za mwingereza, kuta za mawe nene, geti la upinde ambalo karandinga linapita kwa kukunja vioo vya pembeni. Lilijengwa kwa watu kama 90 hivi. Siku naingia mara ya kwanza daftari lilikuwa linasoma watu 260, wanaume 249 kwenye selo nne na wanawake 11 kwenye chumba chao, wawili kati ya hao wanawake wana watoto wachanga. Theluthi mbili ya watu wote ni mahabusu, yaani watu ambao kesi zao hazijaisha.

Zamani selo zilikuwa za mtondoo, ile ndoo ya kujisaidia usiku mnaimwaga asubuhi. Baadaye sana ndo wakajenga choo kona ya kila selo ya wanaume, kijiukuta kinafika kiunoni, mabomba yote manne yanaungana yanaenda kwenye karo moja (shimo la kukusanyia maji machafu) nyuma ya jiko. Hilo karo halina mchoro, na hakuna aliyekumbuka limenyonywa lini mara ya mwisho. Mzee mmoja askari aliyekaribia kustaafu aliniambia yeye tangu ahamie pale hajaona. Wanawake waliachwa na mtondoo wao, hili nitalirudia.

Madirisha yalikuwa mistari miwili, ya juu na ya chini. Ya chini yalizibwa kwa tofali miaka mingi nyuma baada ya mtu kukata nondo, hivo selo imebaki na vidirisha vya juu tu vya kupitisha mkono. Ua una kisima cha kuchimba kwa mkono, kama hatua 20 kutoka kwenye shimo la kupotezea maji ya karo, na kisima ndo kiko upande wa bondeni. Kwa kawaida tunataka angalau mita 30 kati ya choo na kisima, na kisima kiwe upande wa juu. Hapa vyote viwili vimekosewa, ila kumbuka wakati kisima kinachimbwa karo halikuwepo.

Maji ya bomba yanakuja mara mbili kwa wiki, yanajaza tanki la lita 5,000. Piga hesabu mwenyewe, lita 10,000 kwa wiki gawa kwa watu 260 gawa kwa siku saba, unapata lita tano na nusu kwa mtu kwa siku, na hapo jiko halijachukua chake. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, ambao kazi yao ni kuzunguka magereza ya dunia nzima, wanasema chini kabisa iwe lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa matumizi yote. Pengo lote lililobaki lilikuwa linazibwa na kile kisima.

Ilivyoanza

Aliyenipigia ni dada mmoja askari ambaye pia ni nesi, ndo zahanati nzima ya gereza, yeye na kabati lake. Akasema bwana afya huku upele umezidi, karibu nusu ya selo namba mbili wanajikuna hadi damu. Ilikuwa mwanzoni mwa masika.

Nikaenda kesho yake saa nne asubuhi, na hapa nikiri kosa langu la kwanza mapema. Saa nne asubuhi selo ziko tupu, watu wako uani au mashambani, sakafu imepigwa deki, harufu ya dawa ya choo, mkuu wa gereza (wenyewe wanamuita bwana jela) kanitembeza vizuri kabisa. Mimi nikaandika kwenye fomu kwamba hali ya usafi inaridhisha ila msongamano ni mkubwa. Fomu hiyo ipo mpaka leo na sahihi yangu iko chini.

Tukakubaliana na nesi atoe BBE, ile dawa nyeupe ya kupaka, kwa wote wenye vipele, usiku tatu mfululizo. Ilikuwa ndo dawa iliyokuwepo stoo. Walipakwa kama watu 60.

Raundi ya kwanza ikafeli

Wiki ya tatu upele ukawa umerudi wote na nyongeza. Sababu zingine ningezijua kama ningekaa chini nikafikiri. BBE inaunguza kwenye ngozi iliyokwaruzwa, kwaiyo watu walikuwa wanapaka mikono na kifua wanaacha sehemu zenye vidonda, ambazo ndo zenyewe. Unatakiwa uoge kabla ya kupaka, maji ya kuoga yako wapi? Na kubwa kuliko yote, upele huu unaletwa na vidudu vya kwenye ngozi, na ukikupata kwa mara ya kwanza maishani unaweza kukaa wiki nne hadi sita hujikuni kabisa huku unaambukiza wenzako. Sisi tulitibu wanaojikuna tukawaacha wanaobeba.

Wakati bado tunalaumiana mvua ikakolea na kuhara kukaanza. Siku ya kwanza watu wanne, baada ya siku tatu wako 30 na kitu. Hapo ndo presha ilipanda manake masika na kuhara kwenye wilaya yetu kila mtu anawaza kipindupindu. Tulichukua sampuli, kipindupindu hakikuwepo, lakini dada nesi aliishiwa ORS (ule unga wa kuchanganya na maji anaopewa anayehara) ndani ya siku mbili.

Siku hiyo nikiwa uani nahesabu wagonjwa, nyapara wa selo namba mbili (mfungwa anayesimamia wenzake), mtu mzima mwenye mvi, mkimya, akanisogelea akasema, "Bwana afya, shikamoo ni kwa umri lakini leo naomba nikusemeshe. Nyie mnakujaga mchana. Mchana sisi hatuumwi. Njoo utuone tumelala."

Usiku ule

Kumuomba bwana jela nikae mpaka watu wafungiwe ilikuwa kazi. Akanipa sababu za usalama, akasema haijawahi kutokea raia akae ndani baada ya hesabu. Sikubishana, manake wakati anaongea alikuwa anajikuna katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, na yeye mwenyewe akaona kwamba nimeona. Akanyamaza kidogo, halafu akasema basi njoo kesho, ila utasimama mlangoni na askari wawili.

Wanafungiwa saa 10 jioni wanafunguliwa saa 12 asubuhi. Masaa 14. Hiki kitu nilikuwa nakijua kama unavyojua kitu cha kuambiwa. Selo namba mbili nilishaipima kwa futi kamba, mita 6 kwa 9, yaani mita 54 za mraba. Usiku ule walikuwemo watu 71. Kipimo cha Msalaba Mwekundu kwa selo ya watu wengi ni mita za mraba 3.4 kwa kila mtu, kwaiyo hiyo selo ni ya watu 15, tuseme 16 tukiwaonea huruma. Wao walikuwa na chini ya mita moja kila mmoja, robo tatu hivi. Choo kimoja kwa watu 71 wakati tunataka kimoja kwa watu 25.

Wanalala ubavu, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kugeuka wanageuka wote kwa pamoja nyapara akisema. Blanketi moja watu watatu. Joto la mle ndani sijui niliseme vipi, ukuta ulikuwa unatoka jasho kweli, maji yanateremka.

Sasa angalia nilichoona. Kuna mpangilio wa nani analala wapi. Dirishani wanalala wakubwa na waliokaa muda mrefu. Kona ya choo wanalala wageni, mtu aliyeletwa jioni hiyo kutoka mahakamani hana blanketi hana mtu, anaanzia chooni, anasogea taratibu kadri wengine wanavyotoka. Na kona hiyo hiyo ya choo alikuwa amewekwa mzee mmoja ambaye ngozi yake ilikuwa imekuwa magamba, mikono, viwiko, mpaka masikioni, wenzake walikuwa wanaona kinyaa wakamsukuma huko. Alikuwa anatibiwa fangasi kwa miezi. Yule mzee hakuwa na fangasi, ule ulikuwa upele wa magamba, aina mbaya kabisa, mtu wa kawaida mwenye upele anakuwa na wadudu kumi na kitu hivi mwilini, huyu wa magamba anaweza kuwa na maelfu kwa maelfu, kila gamba likidondoka limebeba wadudu.

Kwaiyo kila mgeni aliyeingia selo ile usiku wake wa kwanza alilala bega kwa bega na mtu mwenye wadudu wengi kuliko wote gerezani, halafu wiki zinapita anasogea kuelekea dirishani anawapelekea wengine. Mchana usingeweza kulijua hilo hata ukae mwaka, manake mchana mzee anakaa peke yake chini ya mwembe.

Jambo la pili la usiku ule lilikuwa choo. Ndoo mbili za maji za kunawia ziliisha saa mbili usiku, bado masaa kumi. Baada ya hapo watu wanajisafisha kwa nini? Kwa vipande vya blanketi. Wanachana blanketi. Ndo maana blanketi hazitoshi kila mwaka na ndo maana choo kinaziba. Kwenye bomba linalotoka nje ya ukuta kuna nondo zimechomelewa mtu asipite, na zile nondo zilikuwa zimevaa matambara kama kamba ya kuanikia. Mvua ikinyesha karo linajaa, maji hayana pa kwenda, yanarudi kwenye chemba ya karibu na jiko, yanafurika, yanateremka kwenye kisima. Mimi nilikuwa nimekuja na majalada mawili kichwani, jalada la upele na jalada la kuhara, kumbe kisa ni kimoja.

Tulichoamua na kwanini

Kesho yake tulikaa watu sita, bwana jela, nesi, mganga mkuu wa wilaya, mimi, fundi wa mamlaka ya maji na hakimu mkazi ambaye tulimuita kwa sababu nitakazosema.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutibu wote siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, kwa vidonge vya ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya mwili, halafu dozi ya pili baada ya wiki moja. Wote maana yake wote, askari, wake zao na watoto kwenye line (nyumba za askari), na dereva wa karandinga. Hapa kulikuwa na mvutano manake askari mkubwa hataki iandikwe kwamba ana upele wa jela, tukakubaliana kwamba kwa upande wa line hakuna kuandika majina, tunahesabu vichwa tu. Mganga mkuu hakupenda, mimi naona ndo kitu kilichotuokoa. Wajawazito na watoto chini ya kilo 15 hawapewi ivamektini, hao walipata mafuta ya salfa. Tulichagua Jumapili kwa sababu Jumapili hakuna mahakama, hakuna anayeingia wala kutoka.

Yule mzee akatolewa selo akawekwa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, dozi zake zikawa nyingi zaidi, pamoja na dawa ya kupaka na ya kulainisha magamba. Upele wa aina ile mara nyingi unampata mtu ambaye kinga yake imeshuka, kwaiyo alishauriwa akapimwa kwa ridhaa yake. Majibu ni yake.

Blanketi zilifungwa kwenye magunia siku tatu, manake mdudu wa upele akikosa ngozi hafikishi zaidi ya siku mbili tatu. Kuchemsha tulikutoa kwenye mpango, kuni na maji havikuwepo na mapipa yaliyokuwepo ni ya kupikia, mpishi alishaanza kutuangalia vibaya. Hizo siku tatu walilalia mikeka na maboksi.

Kwa upande wa karo, gari la kunyonya lilikuja likagoma kuingia, geti la upinde fupi. Tulijaribu mpira mrefu kuupitisha juu ya ukuta, pampu haikuvuta. Wakakaa siku nzima wanajadili kutoboa ukuta na bwana jela anasema tundu kwenye ukuta wa jela mimi sitii sahihi, na ukimsikiliza ana haki, mtu akitoroka anayeulizwa ni yeye, hakuna atakayemuuliza habari za kuhara. Mwisho fundi wa maji akaja na wazo la kufukua lile bomba upande wa nje na kujenga chemba huko, gari linyonye kutokea nje. Na ndani kabla ya zile nondo tukajenga chemba ndogo ya kunasa matambara yenye mfuniko unaofunguka, isafishwe kila asubuhi.

Kisima kilifungwa kwa kunywa na kupikia, kikabaki cha kumwagia choo tu. Hii peke yake iliongeza maji ya usiku, kila selo ikapata pipa la lita 100 badala ya ndoo mbili. Tanki la bomba likaanza kutiwa klorini, kama gramu 15 za unga wa HTH kwa tanki lililojaa, halafu unapima baada ya nusu saa uone imebaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Hiyo HTH ilikuwepo muda wote, imefungiwa kabatini, mtu alimwambia dada nesi kwamba ni sumu asiiguse.

Tulipendekeza pia madirisha ya chini yafunguliwe. Bwana jela akakubali selo mbili kati ya nne, na nondo mpya na wavu wa chuma. Sababu yetu ilikuwa kifua kikuu, kwenye ule uchunguzi wa Jumapili tuliuliza kila mtu habari za kikohozi na makohozi ya watu yakaenda hospitali ya wilaya, wawili wakakutwa na TB, mmoja wao alikuwa ameshakunywa amoksilini, ambayo haitibu TB, raundi tatu. Na cha kuchekesha kama kinachekesha, chumba kilichoitwa selo ya wagonjwa, walikokuwa wanawekwa wanaokohoa, ndo kilikuwa hakina dirisha hata moja.

Kwanini hakimu aliitwa

Hili nimelipa kichwa chake manake wenzangu wengi wa afya wanaliruka. Mimi naweza kujenga choo lakini siwezi kupunguza watu, anayepunguza watu ni mahakama. Ukipitia daftari unakuta mahabusu kama 50 ambao dhamana yao iko wazi, hakimu alishasema, ila hawana mdhamini. Mdhamini anatakiwa kuwa na kitambulisho na barua ya mtendaji, na ndugu yuko kijiji cha mbali, wengine ndugu hawajui hata kama mtu wao kakamatwa. Kwenye kamati ya kusukuma kesi tulilileta kama suala la afya, hakimu akakubali kupitia masharti ya kesi ndogo ndogo, na bwana jela akatoa simu ya ofisi, nyapara mmoja anayejua kusoma akakaa na afande wanapigia ndugu wa watu mmoja mmoja. Ndani ya wiki tano walitoka kama 45.

Kuna watu wakaniambia si usubiri tu msamaha wa rais. Msamaha unamgusa mfungwa aliyehukumiwa. Desemba 2019 hayati rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo, ni nafuu kubwa, lakini mahabusu haimhusu kwa sababu hujamhukumu, utamsamehe nini? Gereza ambalo theluthi mbili ni mahabusu linabaki na watu wake.

Matokeo

Kuhara kulikata ndani ya siku kumi tangu kisima kifungwe, hakuna aliyefariki. Upele haukukata hivo. Baada ya dozi ya pili vipele vipya vilipungua sana, kwa mwezi wa tatu nesi alikuwa anaona watu watano sita kwa wiki badala ya kupoteza hesabu. Idadi ya watu ilishuka mpaka 215, ikakaa hapo kama miezi miwili, ikapanda taratibu ikafika 240. Wale wawili wa TB walianza dawa za miezi sita.

Masika iliyofuata kuhara kulirudi, kidogo, watu tisa. Nikaenda kupima klorini nikakuta sifuri. Ilikuwa Jumatatu. Nikaangalia daftari la nyuma, kila Jumatatu sifuri. Ufunguo wa kabati la HTH alikuwa nao nesi, na nesi wikiendi hayupo.

Kuchambua: kilichofanya kazi

Kukaa usiku, na hapo kila kitu kingine kilitokana. Kanuni za Mandela, zile za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa 2015, kanuni ya 35 inataka daktari au mamlaka ya afya wakague gereza mara kwa mara, chakula, usafi, hewa, mwanga, malazi. Nilikuwa naisoma kama ruhusa ya kuingia. Haikutaji saa, na sisi wote tunachagua saa nne asubuhi kwa sababu ndo saa ya kazi. Kama unakagua malazi ya watu na watu hawajalala, umekagua sakafu.

Kuhesabu line ya askari kama sehemu ya gereza. Ngozi haijui nani ana funguo. Raundi ya kwanza hata ungepaka watu wote 260 vizuri bado ingerudi kutokea line, na nadhani ingetokea line moja kwa moja kwa bwana jela.

Kumpa fundi wa maji kiti kwenye kikao. Mimi na mganga tungekaa pale wiki tunabishana kuhusu dawa. Yeye alikaa kimya mpaka mwisho akauliza swali moja tu, "hayo matambara wanayatoa wapi?" na ndo tukaunganisha blanketi, maji na karo. Kila mwaka bajeti ilikuwa inanunua blanketi mpya, na kila mwaka blanketi mpya zinaishia kwenye bomba. Ungenunua maji blanketi zingedumu.

Nitaje Rwanda hapa kidogo, wao tangu miaka ya mwanzo ya 2000 walijenga mitambo ya biogesi kwenye magereza yao makubwa, kinyesi kinakuwa gesi ya kupikia na kuni zikapungua, mradi wa chuo cha teknolojia cha Kigali ukapata hadi tuzo ya Ashden mwaka 2005. Bwana jela wetu alinisikiliza akasema kwa gereza dogo hilo gharama za kuanzia nani atatoa. Sikuwa na jibu, lakini nilipenda kwamba aliuliza gharama, hakusema haiwezekani.

Kilichofeli

Hatukuwaambia watu kwamba kujikuna kunaendelea. Mdudu akishakufa ngozi bado inawasha wiki mbili, hata nne. Wiki ya pili selo namba tatu waligoma kutoka kwa ajili ya hesabu, wakasema tumewapa dawa feki tujaribishie kwao. Walikuwa na haki ya kufikiri hivo, hakuna aliyewaeleza chochote zaidi ya "meza hii dawa". Ilibidi nyapara wa namba mbili apelekwe kwenda kuwasemesha, na yeye nilikuwa nimemueleza kwa bahati tu kwa sababu aliniuliza.

Chemba ya matambara ikageuka adhabu. Nilikuta anayepelekwa kuisafisha ni yule aliyekosana na nyapara, mikono mitupu, ndala. Niliomba glavu na buti, nikaomba iwe zamu. Buti zilikuja jozi moja. Zamu ilienda mwezi, ikarudi kuwa adhabu.

Mgonjwa mmoja wa TB tulimpoteza. Alikuwa mwezi wa pili wa dawa, akaenda mahakamani asubuhi kesi ikafutwa, akaachiwa pale pale, akapanda gari kwenda kwao, dawa na kadi zimebaki kabatini gerezani. Mtu akishinda kesi hawezi kurudi jela kuchukua vidonge, ungekuwa wewe ungerudi? Tulimtafuta kupitia mtendaji wa kata tukampata baada ya wiki tatu, bahati. Tangu hapo mgonjwa wa TB anaenda mahakamani na kadi yake mfukoni na dawa za wiki moja, afande wa msafara alilalamika kuhusu vitu vya mfukoni, tukasukumana, akakubali.

Na wanawake. Kwenye mipango yetu yote ya karo na mabomba tulikuwa tunazungumzia selo nne. Wale 11 na watoto wawili walipata dawa ya upele kama wengine, lakini choo chao hakikuwa kwenye mchoro kwa sababu hawakuwa na choo, na hakuna aliyesema kitu mpaka dada nesi aliponiuliza kwenye kikao cha mwisho kama pedi zinatupwa wapi. Zilikuwa zinatupwa kwenye mtondoo, na mtondoo unamwagwa kwenye chemba ile ile ya jiko. Yaani bomba lote tulilolisafisha lilikuwa na mlango mwingine ambao hatukuuona.

Tukaandika ombi la nyongeza, choo kimoja cha wanawake na mahali pa kuchomea taka. Choo kilipitishwa kwenye karatasi. Mara ya mwisho napita pale, saa 11 jioni safari hii, mahali pa kuchomea taka palikuwa pameshajengwa kwa tofali zilizotoka kwenye madirisha. Choo bado, ila mtondoo ulikuwa umebadilishwa, mpya, wa bluu, una mfuniko.